Jenerali Tombeur na Vita vya Tabora

Tarehe 19 Septemba 1916, jeshi la Wabelgiji liliingia mjini Tabora. Mkuu wake alikuwa Jenerali Charles Tombeur. Maofisa walikuwa Wazungu. Askari wengi walikuwa Waafrika kutoka Kongo.

Kwa nini walikuja? Mwaka 1914 mataifa ya Ulaya yalianza kupigana. Wakati huo nchi yetu ilitawaliwa na Wajerumani. Wabelgiji walitawala Kongo. Basi ugomvi wa Wazungu ukaletwa mpaka mashambani kwetu.

Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Tabora mwaka 1912. Kwa hiyo mji huu ulitakiwa sana. Majeshi ya Tombeur yalikuja kwa njia mbili, kaskazini kutoka Rwanda na magharibi kutoka Kigoma. Wajerumani waliongozwa na Jenerali Wahle. Walipigana siku kadhaa huko Itaga, karibu na mji. Mwishowe Wahle alikimbilia kusini.

Lakini jeshi haliendi bila chakula na risasi. Mahali pasipo na reli, mizigo ilibebwa na watu. Katika vita hivyo Wabelgiji walitumia wapagazi zaidi ya laki mbili.

Wanyamwezi walikuwa wapagazi hodari tangu zamani. Walikwenda pwani na pembe za ndovu, wakapata ujira wa vitambaa na shanga. Kijana aliyefika pwani na kurudi aliheshimiwa. Upagazi wa vita ulikuwa mwingine. Watu walikamatwa vijijini. Nafaka na ng'ombe vilichukuliwa. Wanawake walionewa. Maelfu ya wapagazi walikufa kwa njaa, kuhara na kichomi. Wajerumani na Waingereza nao waliwakamata watu wawabebee mizigo.

Mwaka 1917 Wabelgiji waliwaachia Waingereza mji wa Tabora. Mkoloni mmoja alitoka, mwingine akaingia. Mwananchi alibaki na ghala tupu.

Tombeur alipewa cheo cha heshima kwao Ubelgiji. Akaitwa Tombeur wa Tabora. Jina la mji wetu likawa pambo la jina lake. Lakini wapagazi wengi waliokufa njiani hawakupata hata kaburi lenye jina.

Ndugu msomaji, uwe Cheyo au kijiji chochote, sasa unajua kuandika. Waulize wazee habari walizosimuliwa na babu zao. Nani alichukuliwa? Nani hakurudi? Andika majina yao katika daftari, watoto wako wayasome.