Doa Jeupe katika Jino la Mtoto

Wazazi wengi hudhani kwamba meno ya utoto hayana haja ya kutunzwa, maana yataanguka na mengine yataota mahali pake. Dhana hiyo imewaletea watoto wengi maumivu. Jino lililooza humkosesha mtoto usingizi na chakula, na usaha wake waweza kuliharibu jino la ukubwani lililo bado chini ya ufizi. Tena, mtoto afikapo umri wa miaka sita hivi, magego ya kwanza ya ukubwani huota nyuma ya meno ya utoto, bila jino lo lote kuanguka kwanza. Wazazi wasiojua huyaacha yaoze. Nayo yakisha kung'olewa hayaoti tena.

Kuoza huanza hivi. Katika ukoga ulioshika meno mna vijidudu visivyoonekana kwa macho, na chakula chao ni sukari. Mtoto akila peremende au akinywa chai tamu, vijidudu huigeuza sukari hiyo kuwa asidi, nayo huyeyusha madini yaliyomo katika gamba gumu la nje la jino. Baadaye mate huipunguza nguvu asidi na kuyarudisha madini mahali pake. Basi jino ni kama duka: kinachotoka kikizidi kinachoingia, mwisho wake ni hasara.

Dalili ya kwanza ya hasara hiyo ni doa jeupe lisilong'aa, kama chokaa, karibu na ufizi. Wakati huo jino halijatoboka, na laweza kupona. Likisha kutoboka, hapana dawa ya kusugulia iwezayo kuliziba; hiyo ni kazi ya daktari wa meno.

Katika dawa ya meno mna unga laini wa kusugua ukoga, sabuni ya kutoa povu, na viungo vya kutia ladha. Lakini kitu kinachosaidia hasa kuponya doa jeupe ni madini yaitwayo floraidi. Floraidi huyavuta madini ya mate yarudi upesi katika jino, na gamba linalojengwa upya huwa gumu kuyeyushwa kuliko lile la kwanza.

Habari za floraidi zilianzia Marekani. Mwaka 1901 daktari wa meno Frederick McKay alifika mji wa Colorado Springs, akaona watu wengi wenye meno ya rangi ya kahawia. Baadaye ilionekana kwamba meno hayo hayakuoza kwa urahisi. Mwaka 1931 ikajulikana kuwa sababu yake ni floraidi iliyo katika maji ya kunywa.

Jambo hilo si geni katika Kenya. Katika sehemu kadha za Bonde la Ufa, kama Nakuru, maji ya visima vingi yana floraidi kupita kiasi, na watoto wanaoyanywa meno yao yakiwa bado yanaumbwa ndani ya ufizi huota meno ya kahawia. Rangi hiyo si uchafu, wala haitoki kwa kusugua. Kwa hiyo floraidi ni kitu cha kutumiwa kwa kipimo.

Kipimo chenyewe si kigumu. Mtoto asiyetimiza miaka mitatu atiwe dawa kiasi cha punje moja ya mchele. Wa miaka mitatu hadi sita, kiasi cha punje ya njegere. Asuguliwe mara mbili kila siku, na mara moja iwe kabla ya kulala. Mzazi ndiye amsugue, maana mkono wa mtoto mdogo haujaweza kazi hiyo. Akimaliza ateme povu, asilimeze, wala asisukutue kwa maji mengi, ili floraidi ibaki katika meno. Wakaao penye maji yenye floraidi nyingi wamwulize daktari shauri.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliitia dawa ya meno yenye floraidi katika orodha yake ya dawa muhimu. Hata hivyo, haiwezi kumshinda mtoto anayetafuna vitu vitamu mchana kutwa. Mzazi na ainue mdomo wa juu wa mwanawe mara kwa mara, atazame karibu na ufizi. Akiliona doa jeupe, asingoje maumivu.