Kisu cha Mchinjaji na Mipaka ya Serikali: Mfano wa Buseresere

Makala haya yanafafanua dhima na mipaka ya serikali katika jamii ya kidemokrasia kwa kurejelea mgogoro wa uchinjaji uliotokea Buseresere, wilayani Chato, mkoani Geita. Kwa miaka mingi, sehemu kubwa ya nyama iuzwayo buchani nchini Tanzania imechinjwa na Waislamu, nao Wakristo wakaila bila ubishi. Desturi hiyo ilisimama juu ya maafikiano ya ujirani. Februari 2013, mzozo kuhusu haki ya Wakristo kuchinja nyama ya kuuza uligeuka vurugu Buseresere, na mchungaji mmoja akauawa.

Je, serikali ilipaswa kuamua nini? Katiba ya mwaka 1977, katika ibara ya 3, inaitambua Tanzania kuwa nchi isiyo na dini; ibara ya 19 inauweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya mamlaka ya nchi. Kwa hiyo, serikali haina mamlaka ya kutamka kisu cha nani ni halali. Hata hivyo, ibara ya 14 inampa kila mtu haki ya kuishi na kuhifadhiwa maisha yake. Hapo serikali haiwezi kukaa kando: ni wajibu wake kukagua afya ya nyama, kuhakikisha mnunuzi hadanganywi kuhusu aliyechinja, na kumshitaki anayejeruhi mwenzake, awe wa dini yoyote.

Serikali ikihukumu suala la imani hugeuka mgomvi mmojawapo, na anayeshindwa hukosa mwamuzi wa kumkimbilia.