Vyombo vya Fundi wa Motokaa

Fundi wa motokaa aanzaye kazi hana fedha za kununua vyombo vyote, wala si lazima avinunue vyote. Yampasa kujua ni chombo gani kinunuliwe kwa bei rahisi, na ni kipi ambacho urahisi wake huleta hasara.

Faneli, brashi ya waya na sinia ya kuwekea nati havibebi nguvu nyingi. Vya rahisi vyafaa. Lakini spana hubeba nguvu zote za mkono. Chuma chake kikiwa laini, kinywa chake hupanuka, nayo huteleza na kuzila pembe za nati. Nati iliyokwisha pembe haishikiki tena. Pengine hukatwa kwa patasi. Hapo fundi huumia vidole, na mwenye gari hungoja.

Basi fundi mwenye busara huenda dukani na nati mpya mfukoni. Huivika spana, akaitikisa, ikichezacheza, huirudisha. Tena huangalia kipimo. Nati ya spana ya nusu inchi ina upana wa milimita 12.7, spana ya milimita 13 huingia, lakini hulegea kidogo, na nati iliyokaza huharibika.

Wala hadanganywi na sanduku kubwa lenye vyombo vingi. Huanza na spana za milimita 10, 13, 17 na 19, zitumikazo mara nyingi, kisha huongeza moja moja. Spana kuukuu ya chuma kigumu yashinda mpya iliyo laini. Wahenga walisema: Rahisi huvunja upishi.