Chakula cha Krismasi kwa Nyumba Yenye Watu Wachache

Mwezi wa Desemba ufikapo, watu wengi huulizana neno moja: Siku ya Krismasi tutakula nini? Neno hili laonekana dogo, lakini katika nyumba nyingi za mashamba ni jambo liondoalo usingizi. Baba hapendi watoto wake wasikie harufu ya pilau kwa jirani, na kwao jiko ni baridi; mama naye hapendi kusemwa kisimani kuwa nyumba yake haikupika. Basi hukopa. Krismasi hupita kwa siku moja, na Januari shule hufunguliwa. Watoto wataka sare, madaftari na viatu, na wengine wataka karo, na deni la sikukuu limekaa mlangoni lasubiri. Kwa sababu hii tumeona vema kueleza jinsi nyumba yenye watu wachache, tuseme baba, mama, watoto watatu na bibi yao, iwezavyo kula chakula cha furaha siku hiyo pasipo kukopa wala kuuza kitu cha nyumbani.

Wako wadhanio kwamba sikukuu haikutimia ila mbuzi achinjwe. Mbuzi ni nyama ya watu wengi. Pale ambapo ukoo mzima hukusanyika, kama ilivyo desturi ya Wachaga wengi ambao hurudi Kilimanjaro mwezi wa Desemba kutoka mijini, mbuzi ni sawa kabisa, maana walaji ni wengi na gharama yaweza kugawanywa. Lakini watu sita wasio na jokofu watamfanyia nini mbuzi mzima? Ama watagawa nyama kwa kijiji kizima, ama itaharibika kabla ya kesho jioni. Nyumba ya watu sita yatosha kwa kuku mmoja, na katika maneno yafuatayo tutaonyesha kuwa hatusemi hivi kwa ubahili.

Wala mtu asione haya kwa kuku mmoja. Huko Uingereza, maskini walihangaika kwa jambo hili hili tangu zamani. Katika karne ya 19 wafanyakazi wa mji wa London walikuwa na vyama vya kuwekeza fedha, ambamo kila mtu alitoa senti chache kila juma, hata Krismasi ikifika akapewa bata bukini mmoja. Wengi hawakuwa na tanuri nyumbani, wakampeleka bata wao kwa mwoka mikate awachomee. Charles Dickens, katika hadithi yake ya Krismasi iliyotoka mwaka 1843, aliandika habari za karani mmoja maskini, Bob Cratchit, ambaye watu wanane wa nyumba yake walikula bata mmoja, naye akatosha kwa kuongezewa viazi vilivyopondwa na mchuzi wa matofaa. Na wakati wa Vita Kuu ya Pili, na hata baadaye, tangu mwaka 1940 mpaka 1954, chakula kilipokuwa kikitolewa kwa kipimo, wanawake wa nchi ile walipika kitu walichokiita bata bukini wa bandia, nacho kilikuwa viazi au dengu tu. Basi ufundi wa kuongeza nyama kidogo kwa mazao ya shamba ni ufundi wa zamani, na wajuao ni wengi.

Sasa tuje kwenye kuku mwenyewe. Kuku wa bei nafuu kuliko wote ni yule aliyeanguliwa uani kwako. Kifaranga aliyeanguliwa mwezi wa Juni atakuwa ametimiza miezi sita Krismasi ikifika, naye afaa kuchinjwa. Shida ni mdondo, ambao wengine huuita kideri. Ugonjwa huu waweza kumaliza kuku wote wa kijiji kwa juma moja. Iko chanjo yake itiwayo tone moja katika jicho la kila kuku, nayo hurudiwa kila miezi mitatu. Mtu asiyechanja hana haki ya kuhesabu jogoo wake wa Krismasi. Na kuku aliyeugua asichinjwe kwa haraka ili asife bure, wala asipelekwe sokoni. Huko ni kuusafirisha ugonjwa mpaka kwenye mabanda ya watu wengine.

Asiye na kuku na anunue mapema. Bei ya kuku hupanda siku za karibu na sikukuu, kila muuzaji ajua kuwa wanunuzi hawana hiari. Anunuaye mwanzoni mwa Novemba, akamlisha kwa pumba na makombo, atapata kuku mwenye nyama zaidi kwa fedha chache. Ndivyo ilivyo na mchele pia. Sehemu nyingi za Tanzania mpunga huvunwa kati ya Mei na Julai, na wakati huo bei hushuka. Mtu akiweka kilo mbili tu mwezi wa Julai katika kopo kavu lenye mfuniko unaobana, amekwisha maliza nusu ya kazi ya Desemba. Vitunguu navyo hukaa, vikitundikwa mahali penye hewa. Nyanya hazikai, na zinunuliwe siku ya mwisho.

Kilo moja ya mchele, yaani kama vikombe vitano vya chai vilivyojaa vizuri, yawatosha watu sita na kubaki kidogo. Kuku na akatwe vipande kumi na viwili: mapaja na miguu vipande vinne, kidari vinne, mabawa viwili, mgongo viwili, shingo, firigisi na maini ni ziada. Hivyo kila mtu apata vipande viwili. Jogoo mzee ni mgumu, na wapishi wengi huharibu sikukuu kwa kumharakisha. Achemshwe polepole kwa saa moja na nusu au saa mbili, chungu kikiwa kimefunikwa, pamoja na chumvi, tangawizi na kitunguu saumu. Vipande viwili vitatu vya papai bichi vikitiwa ndani husaidia sana, maana utomvu wake hulainisha nyama. Maji yale ya kuchemshia yasimwagwe hata tone. Ndiyo supu itakayopikia mchele, na ladha yote ya kuku imo humo.

Kwa kilo moja ya mchele, bizari nzima kijiko kimoja cha mezani, iliki sita, karafuu sita, pilipili manga kumi na kijiti cha mdalasini chenye urefu wa kidole vyatosha. Twashauri zinunuliwe zikiwa nzima, zitwangwe nyumbani. Viungo vilivyosagwa na kuchanganywa tayari, mtu hawezi kujua kilichomo. Vitunguu vitatu vikubwa vikatwe vyembamba, vikaangwe katika mafuta mpaka viwe na rangi ya kahawia iliyokoza. Hapa ndipo rangi ya pilau hupatikana, nasi tumeona wengi wakiondoa vitunguu vikiwa bado vyeupe, kisha wakashangaa pilau yao kuwa kama wali uliochafuka. Baada ya vitunguu watie kitunguu saumu na tangawizi, kisha viungo, kisha nyama, wakoroge kidogo. Viazi vinne vilivyokatwa vikitiwa hapo, chungu kitaongezeka na hakuna atakayelalamika. Ndipo itiwe supu. Kila kikombe cha mchele chataka supu kikombe kimoja na nusu au viwili, kwa kadiri mchele ulivyo: mchele mpya hutaka maji machache, wa zamani hutaka zaidi. Supu ikichemka, mchele uliooshwa utiwe, ukorogwe mara moja tu, ufunikwe. Maji yanapokaribia kukauka, moto wa chini upunguzwe, na makaa yapaliwe juu ya mfuniko kwa muda wa dakika ishirini hivi. Asiwepo mtu wa kufunua funua.

Kando ya pilau hapana budi kachumbari: vitunguu vilivyosuguliwa kwa chumvi na kukamuliwa ili ukali utoke, nyanya, na ndimu. Kwa kuwa kachumbari hailiwi ikiwa imepikwa, nyanya zioshwe vizuri kwa maji yaliyochemshwa, na kisu kilichokatia kuku mbichi kisiiguse kabla ya kuoshwa kwa sabuni. Mchicha au majani ya kunde kutoka shambani yatakamilisha sahani.

Lakini pilau si sheria. Mahali pengi pa bara mchele ulikuwa chakula cha sikukuu kwa sababu haukulimwa pale, na ugeni wake ndio ulioupa heshima. Mtu wa Bukoba mwenye mgomba nyuma ya nyumba hana sababu ya kukopa fedha ili anunue mchele. Ndizi zilizopikwa kwa nyama nusu kilo, zikakolezwa kwa nyanya na vitunguu, ni chakula cha kumpa mgeni yeyote. Wa pwani mwenye minazi na apike wali wa nazi na maharage, tui zito likitiwa mwishoni. Nyumba isiyo na kuku wala nyama na iweke mayai sita yaliyochemshwa ndani ya mchuzi mzito wa nyanya, kila mtu yai lake. Watoto hupenda sana kuona kwamba kila mmoja ana kitu kizima kilicho chake.

Na hapa twataka kusema neno ambalo huenda baadhi ya akina baba wasilipende. Katika makabila mengi firigisi ni ya baba, na mahali pengine vipande vizuri vyote humfikia yeye kwanza, na watoto hupewa shingo na miguu. Desturi ya firigisi hatuna ugomvi nayo. Lakini mtoto anayekua, na mama mwenye mimba au anyonyeshaye, miili yao yahitaji nyama kupita mwili wa mtu mzima aliyekwisha kukua. Na ikiwa nyama huliwa mara chache kwa mwaka, siku hiyo si siku ya kuwapunja. Ndiyo sababu tuliandika vipande kumi na viwili.

Asubuhi kabla ya kwenda kanisani, chai ya maziwa na maandazi au chapati vyatosha. Kilo moja ya unga wa ngano hutoa chapati kumi hata kumi na mbili. Donge liachwe lipumzike nusu saa kabla ya kusukumwa, la sivyo chapati huwa ngumu kama ngozi. Kwa kinywaji cha mchana, chupa za soda kwa watu sita ni fedha ya daftari kadhaa. Ukwaju uliolowekwa katika maji yaliyochemshwa, ukachujwa na kutiwa sukari kidogo, ni kitamu vilevile. Matunda hayataki fedha nyingi, maana Desemba ni wakati wa maembe sehemu nyingi za Tanzania.

Yabaki maneno ya kiporo. Watu wengi huugua tumbo siku ya pili ya sikukuu, wakasema wamelogwa au wamekula mafuta mengi. Mara nyingi kosa ni la chungu kilichoachwa jikoni usiku kucha. Mchele una vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kupikwa. Wali ukikaa katika joto vijidudu hivyo huzaana na kutoa sumu, na sumu ile haiondoki hata wali upashwe moto mara ya pili. Basi chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, na mahali penye joto kali saa moja. Asiye na jokofu na apike kiasi kinacholiwa. Mgeni akija wakati wa mchana, apewe sehemu yake papo hapo, wala asiwekewe mpaka jioni. Mifupa ya kuku yaweza kuchemshwa jioni ile ile pamoja na viazi na kitunguu, supu ikanywewa ikiwa moto kabla ya kulala, na chungu kikaoshwa usiku huo.