Prosesa ya Boksi au ya Trei?

Ukiulizia Ryzen 5 5600 unaweza kutajiwa bei mbili. Ya juu ni ya boksi: kasha lenye stika ya AMD, ndani mna prosesa, feni ya Wraith Stealth na waranti ya miaka 3. Ya chini ni ya trei, yaani zile zinazopakiwa kwa wingi kwa ajili ya waunda kompyuta. Hiyo unapewa ndani ya kiplastiki, feni hakuna, na waranti ni ya muuzaji, pengine neno lake tu.

Anayetaka kompyuta ya ofisini achukue boksi. Mwenye kazi ya kufikiri ni yule anayetaka kuovakloki, aisukume chipu kupita gigahezi 4.4 ilizopangiwa na kiwanda.

Wraith Stealth ni feni ndogo juu ya donge la alumini, saizi ya prosesa ya wati 65. Ongeza volti uone: joto linakimbilia nyuzi 90, ambazo ndizo kikomo cha chipu hii, nayo inajipunguzia kasi yenyewe. Unabaki na kelele. Kipoza kikubwa utanunua upende usipende, na ile feni ya bure (si ya bure, umeilipia) itaishia kabatini. Waranti nayo haikufai sana, kwa sababu AMD wanasema madhara ya kuovakloki hayamo, hata ukitumia Ryzen Master, programu yao wenyewe. Vitu viwili ulivyoongezea hela, vyote umevitupa.

Wapo wanaoapa kwamba za boksi hupanda zaidi, na wapo wanaoapa kinyume chake. Silikoni ni ile ile. Kupata chipu inayopanda vizuri ni bahati.

Kwa hiyo mimi naegemea trei, ila kwa jicho kali, maana chipu isiyo na boksi huenda ilishachemshwa na mwingine kabla yako. Namba ya boksi unailinganisha na iliyo juu ya chipu. Ya trei huna cha kulinganisha. Igeuze kwenye mwanga: pini zake 1331 ziwe zimenyooka zote, kusiwe na mabaki ya pesti, maandishi yasiwe yamesuguliwa. Iwashwe hapo hapo dukani, jina lisomeke kwenye programu ya CPU-Z, na siku za kurudisha ziandikwe kwenye risiti. Muuzaji akikataa hata moja, mwachie. Na kama punguzo halifiki hata nusu ya bei ya kipoza utakachonunua, sioni sababu ya kujihangaisha: boksi utaliuza kwa urahisi baadaye.

Kabla ya kutoa hela, soma jina la mazabodi yako. B450, B550 na X570 zinaruhusu kuovakloki. A320 na A520 haziruhusu. Kama unayo mojawapo ya hizo mbili, chukua boksi, funga feni yake, cheza gemu.