Watoto Waimbe Nyumbani

Katika nyumba nyingi za Wakristo vijijini, saa ya kulala ni saa ya sala. Baba au mama anasali, watoto wanaitikia amina, kisha wanakwenda kulala. Je, wamejifunza nini? Mara nyingi ni kidogo tu. Sala ya mtu mzima ni ndefu, na mtoto wa miaka sita huanza kusinzia. Lakini mtoto huyo huyo akiimba, hasinzii.

Jambo hili lilijulikana zamani. Mwaka 1524 kitabu kidogo chenye nyimbo 8 kilichapwa Ujerumani. Nyimbo 4 zilitungwa na Martin Luther. Luther alitaka watu waimbe kwa lugha yao, siyo Kilatini tu. Mwaka 1535 ulichapwa wimbo wake wa Krismasi kwa ajili ya watoto. Ndani yake malaika anasimulia habari za kuzaliwa kwa Yesu. Mtoto akiujua wimbo huo, amekwisha kuijua hadithi.

Wamisionari walipokuja kwetu walileta nyimbo za kwao. Maneno yalitafsiriwa, sauti zikabaki za Ulaya. Hapo palikuwa na shida. Katika Kiswahili tunatia mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Tunasema MU-ngu, hatusemi mu-NGU. Sauti ya kigeni mara nyingine huvuta silabi ya mwisho, na neno likapotoka. Mtoto anaimba sana, lakini hasikii anachosema.

Basi Watanzania walianza kutunga kwa sauti za nyumbani. Mwaka 1966 Bernard Kyamanywa, mwanafunzi wa chuo cha theolojia cha Kilutheri Makumira, alitunga wimbo wa Pasaka, "Mfurahini, Haleluya". Sauti yake ni ya Kihaya. Baadaye maneno yake yaligeuzwa kwa Kijerumani na Kiingereza. Leo Wajerumani, ambao wazee wao walituletea nyimbo, wanaimba wimbo uliotoka Tanzania.

MANENO KWANZA

Mama au bibi anayetaka kufundisha asianze na sauti. Aanze na maneno. Ayaseme polepole, watoto wayarudie. Kisha awaulize maana yake. Hapo ndipo kazi ilipo, na ndipo wengi tunaporuka. Watoto huimba "haleluya" mwaka mzima, na hakuna aliyewaambia kwamba ni Kiebrania, maana yake "msifuni Bwana". "Hosana" ni kilio cha kuomba: "tuokoe". "Amina" ni "na iwe hivyo". Neno gumu kama "neema" lielezwe kwa mfano wa nyumbani: umevunja chungu cha mama, naye hakukupiga, tena akakupa chakula.

Wimbo mmoja kwa juma moja unatosha. Chagua ule unaosimulia jambo: Yesu kuzaliwa, mwana mpotevu, dhoruba ziwani. Nyimbo za sifa tupu ni tamu, lakini mtoto hana cha kushika. Wimbo wenye kiitikio ni mwepesi zaidi. Mkubwa anaongoza, hata mtoto wa miaka mitatu anaitikia. Usianze kwa sauti nzito ya mwanamume, maana watoto hawawezi kushuka huko. Si lazima kungoja usiku. Kupukuchua mahindi ni kazi ya mikono tu, mdomo uko huru.

Je, kama hujasoma sana? Bibi wengi wasiojua kusoma wanajua nyimbo nyingi kwa moyo. Wewe unayejifunza kusoma sasa una faida nyingine. Wimbo unaoujua tayari ni rahisi kuusoma kitabuni, kwa sababu sikio linalisaidia jicho. Keti na mtoto anayesoma shule, mfuate mistari kwa kidole. Akikusahihisha, usikasirike. Kesho yake muulize wewe maana ya maneno aliyoyasoma, maana mara nyingi yeye anajua herufi, na wewe ndiye unayeijua hadithi.