Nyuzi za Kaboni Amilifu: Utayarishaji, Nguvu na Unasaji

1.0 Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi nyuzi za kaboni amilifu zinavyotayarishwa, na kuonyesha kwamba sifa zake kuu mbili, yaani nguvu ya uzi na uwezo wake wa kushika gesi au mada zilizoyeyuka majini, zinapingana kwa kuwa chimbuko lake ni moja.

Kabla ya hapo hatuna budi kulitazama suala la istilahi, maana ndipo wanafunzi wengi wanapoteleza. Neno ufyonzaji hutumiwa mara kwa mara kwa dhana mbili zilizo mbali. Gesi ya amonia ikipitishwa majini huingia na kuenea katika maji yote. Huo ni ufyonzaji. Mkaa haufanyi hivyo. Molekuli hushikwa usoni mwake, kwenye kuta za vitundu vyake, bila kupenya ndani ya kaboni yenyewe. Mwaka 1881 mwanafizikia Mjerumani Heinrich Kayser aliitenga dhana hii ya pili kwa kuipa neno lake. Kwa Kiswahili tunapendekeza unasaji, kutokana na kitenzi nasa. Faida yake si ufupi tu: kilichonaswa huweza kunasuliwa, na kwa hiyo unasuaji unapatikana papo hapo kwa mnyambuliko wa kawaida, bila kuunda neno jingine la kulazimisha.

2.0 Utayarishaji

Malighafi zinazotumika zaidi ni rayoni, poliakrilonitrili, resini ya fenoli na lami. Huko China zimefanyika pia tafiti kuhusu nyuzi za katani, mmea ulioletwa na Richard Hindorf katika koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki mwaka 1893 na ambao wasomaji wetu wa Tanga wanaujua vyema.

Katani na rayoni hutokana na selulosi, na hesabu ya selulosi inafundisha. Kila kipande cha mnyororo wake kina atomi 6 za kaboni, 10 za haidrojeni na 5 za oksijeni. Iwapo haidrojeni na oksijeni zote zingetoka kama maji, kaboni ambayo ingebaki ingekuwa takriban asilimia 44 ya uzito. Kwa hakika hubaki pungufu ya hapo, kwa sababu sehemu ya kaboni huondoka pamoja na moshi na utomvu wa moto. Ndiyo maana selulosi hulowekwa kwanza katika chumvi za fosfeti, ambazo huharakisha kutoka kwa maji na hivyo kuiokoa kaboni.

Poliakrilonitrili huanza kwa njia nyingine: huchomwa hewani kwa nyuzijoto 200 hadi 300 za Selsiasi, huku ikivutwa, ili isiyeyuke baadaye. Kisha uzi wowote uwao hugeuzwa kaboni ndani ya naitrojeni, pasipo oksijeni. Hatua ya mwisho ndiyo ya kuuamilisha. Mvuke wa maji au kaboni dioksidi hupitishwa juu ya uzi kwenye nyuzijoto 800 hadi 1,000. Kila molekuli ya maji inayotenda kazi hung'oa atomi moja ya kaboni, na zikatoka kaboni monoksidi na haidrojeni. Palipong'olewa pamebaki tundu.

3.0 Nguvu dhidi ya unasaji

Mashimo hayo ndiyo faida, na ndiyo hasara. Mengi yana upana usiofika nanomita 2. Ndani ya nafasi finyu kiasi hicho molekuli huvutwa na kuta za pande zote kwa pamoja, hivyo hunaswa hata pale gesi inapokuwa haba sana. Gramu moja ya uzi huweza kuwa na eneo la mita za mraba 1,000 hadi 2,000. Kwa uzi wa 1,500, gramu tano tu zinapita eneo la uwanja wa mpira. Tarakimu hizi, zinazopatikana kwa kunasa naitrojeni kwenye nyuzijoto 196 chini ya sifuri kwa mbinu ya Brunauer, Emmett na Teller ya mwaka 1938, zisomwe kwa tahadhari. Mbinu hiyo inadhani molekuli hujipanga tabaka kwa tabaka, ilhali katika tundu finyu hujaza nafasi yote.

Kuhusu nguvu, A. A. Griffith alionyesha mwanzoni mwa miaka ya 1920 kwamba mada ngumu hukatika kutokana na nyufa ndogo zilizomo tayari. Kuuamilisha uzi ni kuuongezea kasoro za aina hiyo huku ukikondeshwa. Uzi wa kaboni wa kuundia ndege huhimili megapaskali 3,000 na zaidi; uliokwisha kuamilishwa kwa kawaida huhimili mamia machache tu. Anayetafuta eneo kubwa zaidi huuacha uzi katika mvuke kwa muda mrefu, hata akatoa tanuruni kitu kinachovunjika vidoleni.

Mbona basi mtu asitumie chembe za mkaa, ambazo ni rahisi zaidi? Jibu limo katika umbali. Katika chembe, molekuli hupita kwanza njia pana, kisha za kati, ndipo ifike kwenye vitundu finyu. Katika uzi wenye kipenyo cha maikromita 10 hadi 20, vitundu hivyo hufunguka moja kwa moja usoni, na unasaji hukamilika upesi zaidi. Udhaifu wa uzi hufidiwa kwa kuufuma au kuushindilia kuwa kitambaa na kukitia kati ya vitambaa viwili imara. Na kwa kuwa kaboni hupitisha umeme, kitambaa hicho huweza kupashwa moto kwa mkondo wa umeme, vilivyonaswa vikanasuka, nacho kikatumika tena.